Mapigo Ishirini ya Kengele



Somo hili halimo katika muhtasari wa Fizikia ninaofundisha, wala katika ule wa Historia, ingawa mtaona limechota kidogo katika yote mawili. Limetokana na swali. Muhula huu kijana mmoja wa Kidato cha Pili alinionyesha picha ya wazimamoto wa mji wa New York, huko Marekani, wamesimama safu kwa safu katika mavazi yao ya gwaride, na mbele yao mwenzao mmoja ameshika kamba ya kengele ya shaba. Akauliza, "Mwalimu, hawa wanapiga kengele ya nini, na moto haupo?" Nilimjibu kwa kifupi, kwani kengele yetu ya chakula ilikuwa imekwisha kulia, na kengele hiyo haina mshindani. Lakini swali lile lastahili jibu refu, nami nimemwomba mhariri wa gazeti letu anipe nafasi.

Wengi wetu tumeona sherehe za kuwaheshimu watu. Kuna gwaride, kuna mgeni rasmi, kuna hotuba mbili tatu, vyeti vinatolewa, kisha soda. Hapana ubaya wowote. Lakini ukizichungua sherehe za wazimamoto wa New York utaona kuna jambo jingine ndani yake, nalo ni hesabu. Karibu kila ishara inayofanywa pale inahesabu kitu. Tena mara kadhaa hesabu hiyo imeonekana kuwa na kasoro, ikabidi isahihishwe mbele ya watu wote. Hayo ndiyo ninayotaka tuyatazame.

Tuanze na kengele yenyewe. Kabla ya kuwako simu za kuongea, mji mkubwa ulioshikwa na moto ulikuwa na shida moja kubwa kupita zote, yaani habari. Mtu akiona moshi afanye nini ili wenye pampu wajue, tena wajue ni mtaa gani? New York walijenga minara, na juu ya kila mnara akakaa mlinzi usiku na mchana akitazama mapaa ya nyumba. Akiona moshi hupiga kengele kubwa kwa hesabu ya wilaya inayoungua. Lakini mlinzi huuona moto ukiwa umekwisha kutoka nje ya paa, na siku ya ukungu haoni kitu.

Dawa ilipatikana katika mji wa Boston mwaka wa 1852. Daktari mmoja aitwaye William Channing, pamoja na Moses Farmer aliyekuwa fundi wa mambo ya umeme, walitumia telegrafu, chombo kinachopeleka habari kwa waya. (Neno letu "simu" lenyewe latokana na neno la Kiajemi lenye maana ya waya, kwa hiyo mtu anayeshangaa siku hizi kuona simu isiyo na waya ana haki ya kushangaa mara mbili.) Waliweka visanduku vya chuma katika mitaa, kila kimoja na namba yake. Ndani ya kisanduku mlikuwa na gurudumu dogo lililochongwa meno kwa kufuata namba ile. Tuseme ni kisanduku namba 243. Gurudumu lake lina meno mawili, kisha pengo, meno manne, pengo tena, kisha meno matatu. Mtu akiuzungusha mpini, gurudumu huzunguka, na kila jino linapopita hukata mkondo wa umeme na kuuunga tena. Huko kituoni mna sumaku ya umeme, kama ile tuliyoitengeneza maabara kwa msumari na waya. Mkondo ukikatika, sumaku huachia, na nyundo hupiga kengele. Basi wazimamoto waliolala husikia mapigo mawili, wakanyamaza, manne, wakanyamaza, matatu. Kabla hawajavaa viatu wamekwisha kujua waende wapi.

Miji mingine ikaiga, New York ikiwa mojawapo. Na katika New York kulikuwa na hesabu moja isiyokuwa ya kisanduku chochote. Ilikuwa mapigo matano, yakarudiwa mara nne. Hesabu hiyo ikipita katika waya, ililia katika vituo vyote vya mji kwa wakati mmoja, na maana yake ilikuwa kwamba mwenzetu mmoja amekufa kazini. Shusheni bendera nusu mlingoti. Hapakuwa na haja ya mjumbe wala barua. Hata mpishi wa kituo cha mbali aliweza kuhesabu hadi ishirini.

Siku hizi habari za moto huenda kwa simu, redio na kompyuta, lakini mapigo yale ishirini hayakuachwa. Ndiyo hayo yanayopigwa katika maziko na katika siku za kumbukumbu. Miji mingine ya Marekani ina hesabu zake. Kuna wanaopiga matatu mara tatu. Kwa hiyo jibu fupi la swali la kijana wetu ni hili: hawapigi muziki, wanapeleka taarifa. Ni taarifa ileile iliyokuwa ikipita katika waya, ila sasa inapelekwa kwa watu waliosimama mbele ya kengele.

Sasa twende kwenye mahali pa sherehe. Tarehe 14 Februari 1908 mkuu mmoja wa wazimamoto, Charles Kruger, aliyekuwa amefanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini, alikuwa kwenye moto wa jengo moja katika Canal Street. Mnajua kwamba maji yanayorushwa juu hayapotei. Hushuka na kujaa vyumba vya chini. Kruger alitumbukia katika chumba cha chini ya ardhi kilichojaa maji, akafa. Ni ajabu ya kazi hii kwamba mtu aweza kwenda kwenye moto akafa maji. Wakati wa maziko yake Askofu Henry Potter alitoa shauri kwamba mji ujenge ukumbusho wa wazimamoto. Fedha zikapatikana, sehemu kutoka kwa serikali ya mji na sehemu kwa michango ya watu, na tarehe 5 Septemba 1913 ukumbusho ukafunguliwa katika Riverside Drive, penye mtaa wa 100, juu ya mto Hudson. Ni jiwe kubwa lenye sanamu pande zake mbili, moja ikiitwa Wajibu na ya pili Kafara, na mbele yake imechongwa picha ya farasi wakivuta injini ya mvuke kwa mbio. Kwa miaka mingi wazimamoto wamekuwa wakikutana pale kila Oktoba, majina ya waliokufa yakasomwa.

Nilisema hesabu yao imesahihishwa mara kadhaa. Sahihisho la kwanza ninalopenda kuwaeleza lilihusu farasi wale. Injini ya mvuke ilikuwa nzito mno, na kwa kawaida farasi watatu waliivuta. Walifundishwa hata kengele ikilia, milango ya mazizi yao ikafunguka, walitoka wenyewe wakaenda kusimama mahali pao mbele ya injini, chini ya hatamu zilizoning'inia darini. Mzimamoto akavuta kamba, hatamu zikawashukia mgongoni. Walikuja magari ya petroli, na katika Desemba 1922 farasi wa mwisho wakastaafishwa huko Brooklyn. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1927, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kiliweka bamba la shaba pale penye ukumbusho kwa heshima ya farasi waliokufa kazini. Wengine watacheka. Mimi sicheki. Farasi yule hakupata mshahara wala hakuulizwa kama anataka kwenda, na alikimbia kuelekea kitu ambacho kila mnyama hukikimbia. Kama hesabu ni ya waliokufa wakienda kuuzima moto, basi naye ni wa hesabu.

Sahihisho la pili ni zito zaidi. Kila mwaka wazimamoto wa New York hupewa nishani kwa matendo ya ushujaa, na nishani iliyotangulia zote ilianzishwa mwaka wa 1869 kwa fedha za James Gordon Bennett, mwenye gazeti la New York Herald. Kwa karibu miaka 150 ilikuwa na jina lake. Kupewa nishani ya Bennett ilikuwa heshima ya juu kabisa ambayo mzimamoto wa mji ule aliweza kuipata. Lakini Bennett huyo katika gazeti lake aliutetea utumwa na kuwadharau watu weusi.

Mnaweza kusema, huyo alikuwa mtu wa zamani, tena alitoa fedha zake kwa jambo jema. Basi nawaomba mmfikirie mtu mwingine, Wesley Williams. Aliajiriwa katika zimamoto ya New York mwaka wa 1919, mtu mweusi wa kwanza kupangiwa kituo katika Manhattan. Alipofika kituoni, wazimamoto wenzake wote waliomba kuhamishwa. Yeye akabaki. Alipanda cheo akawa luteni mwaka wa 1927, akawa mkuu wa kikosi mwaka wa 1938, na mwaka wa 1940 akaanzisha pamoja na wenzake chama cha wazimamoto weusi kiitwacho Vulcan Society. Mtu kama huyo, au mtoto wake, angevalishwa kifuani jina la nani? Mwaka wa 2020 uongozi wa zimamoto ulitangaza kwamba jina la Bennett linaondolewa, na nishani itaitwa kwa jina la Peter Ganci. Waliokwisha kuipata hawakupunguziwa kitu, maana ushujaa ulikuwa wao. Jina tu ndilo lililokuwa la mtu mwingine. Wapo waliosema mambo ya kale yaachwe yalivyo. Mimi naona nishani ni neno ambalo mji unasema kwa sauti kila mwaka, na mji una haki ya kuangalia unasema nini.

Peter Ganci alikuwa nani? Hapo tunafika kwenye siku ambayo hesabu ya kengele ilikuwa kubwa kupita kiasi.

Kabla ya mwaka wa 2001, msiba mkubwa kuliko yote uliowahi kuwapata wazimamoto wa New York ulikuwa wa tarehe 17 Oktoba 1966, karibu na mtaa wa 23, ambapo sakafu ya duka ilibomoka juu ya chumba cha chini kilichokuwa kikiungua, wakafa watu 12. Kwa miaka 35 wazee wa vituo walipotaka kusimulia jambo baya kabisa walisimulia hilo. Kisha ikaja tarehe 11 Septemba 2001. Saa mbili na dakika 46 asubuhi, kwa saa za kwao, ndege iliyotekwa iligonga mnara wa kaskazini wa World Trade Center, kati ya ghorofa ya 93 na ya 99. Saa tatu na dakika 3 ndege ya pili ikagonga mnara wa kusini. Kila mnara ulikuwa na ghorofa 110, na lifti nyingi zilikuwa zimeharibika. Basi wazimamoto walipanda ngazi. Jaribuni kulipigia hesabu jambo hilo. Mtu amevaa koti nzito na buti, amebeba mtungi wa hewa mgongoni, mpira wa maji begani, na shoka, mzigo wa kilo zipatazo 27, na katika ngazi hiyohiyo nyembamba watu kwa maelfu wanateremka upande wa pili. Mkuu wa kikosi mmoja, Orio Palmer, alifika ghorofa ya 78 ya mnara wa kusini, mahali ndege ilipogonga, akawakuta majeruhi. Mnara huo ulianguka dakika 56 baada ya kugongwa. Ule wa kaskazini ukafuata saa nne na dakika 28.

Ganci alikuwa mkuu wa wazimamoto wote wenye sare. Mnara wa kwanza ulipoanguka alinusurika, akawaamuru wenzake waondoke waende upande wa kaskazini, mahali pa salama, naye akarudi. Mnara wa pili ulimwua. Kasisi wao Mychal Judge alikufa ndani ya mnara wa kaskazini, na kifo chake ndicho kilichoandikishwa rasmi kwanza. Jumla ya waliokufa katika zimamoto ya New York siku ile ni 343. Watu wengi mno waliokuwa chini ya ghorofa zilizogongwa walitoka salama, na hilo nalo liwe katika hesabu, kwa sababu mara nyingi watu hutaja namba 343 kana kwamba siku ile hapakuwa na lolote lililofanyika ila kufa.

Msiba ule ulifika hata kwetu Afrika Mashariki kwa njia ambayo pengine hamjaisikia. Kijana wa Kimasai, Kimeli Naiyomah, aliyekuwa akisoma Marekani, alikuwa New York siku ile. Alipowasimulia wazee wa kijiji chake cha Enoosaen, karibu na Kilgoris nchini Kenya, wazee walitoa ng'ombe, na katika Juni 2002 mjumbe wa ubalozi wa Marekani alikabidhiwa ng'ombe 14. Walitolewa kwa ajili ya wote waliofiwa, si kwa wazimamoto peke yao. Ng'ombe hao hawakupakiwa melini. Walibaki katika malisho yao wakazaana. Nalitaja jambo hili kwa sababu kila watu wana kengele yao. Mmasai hana kengele ya shaba kituoni, ana ng'ombe, na alipotaka kusema "tumesikia msiba wenu" alisema kwa ng'ombe.

Sahihisho la tatu ndilo lililonifanya niandike somo hili lote. Minara ilipoanguka iligeuka vumbi: saruji, vioo vilivyosagika, asbesto, na vitu vingine vingi vilivyoungua pamoja. Chini ya kifusi moto uliendelea hadi Desemba 2001. Wazimamoto walifanya kazi pale miezi mingi, wakitafuta miili ya wenzao, na hewa ile waliivuta. Wengine walikohoa, wakapona. Wengine waliugua mapafu, wengine saratani, na baadhi wakaanza kufa, mmoja mwaka huu, watatu mwaka ujao, kila mtu nyumbani kwake au hospitalini.

Je, hao wapigiwe kengele? Swali hili si jepesi kama linavyosikika. Aliyeangukiwa na mnara, hakuna anayeuliza amekufa kwa nini. Aliyekufa kitandani miaka kumi baadaye, mtu aweza kusema kwamba watu wote huugua. Na nyuma ya swali la kengele kuna maswali ya matibabu, ya pensheni ya mjane, na ya ada ya watoto. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwatibu waliougua kwa sababu ya vumbi lile, ikatiwa sahihi Januari 2011, karibu miaka kumi baada ya tukio. Na zimamoto ya New York iliweka katika makao yake makuu, Brooklyn, ukuta maalum wa majina ya wale waliokufa kwa maradhi hayo. Kila Septemba majina mapya huongezwa. Kufikia Septemba 2024 idadi yao ilikuwa imepita 343.

Someni sentensi hiyo mara mbili. Waliouawa na vumbi, polepole, wamekuwa wengi kuliko waliouawa siku yenyewe. Kama sherehe ingalikuwa ya kukumbuka siku moja tu, hesabu ingalifungwa mwaka wa 2001. Ilibakia wazi kwa sababu wazimamoto wenyewe, na wajane, na madaktari wao walikataa kuifunga. Katika Kiswahili maneno heshima na hesabu yanakaribiana kwa sauti, ingawa hayana asili moja, na huwa nayachanganya kwa makusudi nikilieleza jambo hili darasani.

Lakini kuhesabu waliokufa hakutoshi kama hakuna kinachobadilika katika kazi. Na hapa nitawahamisha kidogo hadi Australia, kwa kuwa ndiko ilikotoka siku ya tarehe 4 Mei, ambayo vituo vya zimamoto katika nchi nyingi huiadhimisha. Tarehe 2 Desemba 1998, katika msitu wa Linton, jimbo la Victoria, wazimamoto watano wa kujitolea kutoka Geelong West walikufa ndani ya gari lao. Sababu yake ni somo zuri la upepo. Moto wa msitu ukisukumwa na upepo wa kaskazini hukimbia kusini, ukawa mrefu na mwembamba kama mkuki. Mbele ndiko kwenye hatari. Ubavuni moto ni mdogo na watu huweza kufanya kazi. Lakini kusini mwa Australia, baada ya upepo wa joto wa kaskazini, mara nyingi huja ghafla upepo baridi kutoka kusini-magharibi. Ukigeuka hivyo, ubavu mzima wa mashariki, kilomita kadhaa pengine, hugeuka kuwa mbele ya moto kwa dakika moja. Magari mawili yalikuwa njiani kwenda kujaza maji upepo ulipogeuka. Watu wa gari moja waliokoka. Wale watano hawakuokoka.

Mwezi uliofuata, Januari 1999, likatolewa shauri kwamba iwepo siku moja ya wazimamoto wa dunia nzima. Ikachaguliwa tarehe 4 Mei, siku ya Mtakatifu Florian, ofisa wa jeshi la Kirumi aliyetoswa mtoni mwaka wa 304, ambaye Wakristo wa Ulaya humtazama kuwa mwombezi wa wazimamoto. Watu huvaa utepe wenye rangi mbili, nyekundu kwa moto na buluu kwa maji. Hayo ni mazuri. Lakini baada ya uchunguzi mrefu wa mahakama kulifanyika jambo jingine lisilo na utepe: mafunzo ya lazima yakawekwa kwa kila mtu wa kujitolea kabla hajapelekwa kwenye moto wa msitu, na magari yakatakiwa yasimalize maji yote tangini, yabakishe akiba ya kuwakinga waliomo. Mimi, nikiambiwa nichague kati ya utepe na akiba ile ya maji, nitachagua maji, na nadhani wale watano nao wangechagua hivyo.

Kwetu Tanzania kazi hii iko mikononi mwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na namba yao ya dharura ni 114. Namba hiyo iandikeni mahali bwenini, penye kuonekana na kila mtu. Mkipata nafasi ya kualikwa kituoni siku ya sherehe, nendeni, na msitazame gwaride tu. Ulizeni gari linabeba maji kiasi gani. Ulizeni bomba la kujazia lililo karibu na shule yetu liko wapi, na kama linatoa maji. Ulizeni, kwa adabu, kama wapo wenzao waliofariki au kuumia kazini, na majina yao yameandikwa wapi. Mkijibiwa kwamba hayajaandikwa popote, mmepata kazi ya klabu ya Historia kwa muhula ujao.

Sasa mazoezi. Kidato cha Kwanza na cha Pili: gari la zimamoto lina lita 5,000, na kila mpira hutoa lita 500 kwa dakika. Dereva ameamriwa abakishe lita 500 za kujikinga. Mpira mmoja ukifunguliwa, kazi itadumu dakika ngapi? Na ikifunguliwa miwili? Kisha pimeni kwa miguu yenu umbali kutoka bwenini hadi kwenye bomba la maji lililo karibu, mniambie kama dakika hizo zatosha kwenda na kurudi. Kidato cha Tatu na cha Nne: chukueni ubao mduara wa mbao nyembamba, mchonge meno ya kisanduku namba 243 kama nilivyoeleza, mwunge betri, waya, msumari na kengele ya baiskeli, tuone kama kengele itasema mbili, nne, tatu. Waya upo maabara. Msumari leteni wenyewe.